Kimya cha Antena

Haya nimeyapata kwa mpelelezi mwenyewe, mtoto wa marehemu dada yangu, mwaka ule alipovua sare akaja kuishi nami. Tulikuwa tunachambua maharage, mvua inapiga bati, akaniona nimekifunika kiredio changu kwa kitambaa cha kufuma. Akaniambia, "Mama mdogo, hicho kitambaa kiondoe." Nikamwuliza kimemkosea nini. Akacheka, akayasema yote, na hivi ndivyo yalivyokuwa.

Asubuhi ile alikuwa ametoka zamu ya usiku na macho yalikuwa yanamwasha. Alikuwa anavaa viatu aende zake mkuu wa kituo alipomwita kwa kidole.

"Mzee wako anaondoka na gari la alasiri," mkuu alisema. "Mahakamani. Kama una neno, lilete kabla gari halijaja. Kama huna, nenda kalale."

"Si mzee wangu, afande."

"Ni wewe peke yako unayemtetea."

Mzee mwenyewe watu walimwita Antena, kwa urefu wake na kwa ule mlingoti wa waya aliousimamisha juu ya paa lake. Zamani alikuwa fundi wa simu. Alipostaafu alijitengenezea mtambo wa kusemea hewani kwa mikono yake, kipande kwa kipande, akapata leseni, na kila siku ikifika alasiri alikaa mbele yake akazungumza na watu wa mbali ambao hajawahi kuwaona nyuso.

Nyumba yake ilipakana na zahanati. Na katika zahanati hiyo mtu alikuwa amepita dirisha la nyuma akaiba betri kubwa, ile inayolilinda friji la chanjo umeme unapokatika. Umeme ukakatika kweli usiku huo. Chanjo za watoto zikaharibika zote, kina mama wakajazana getini na watoto mgongoni, kelele zikafika kwa wakubwa, na wakubwa wakataka mtu.

Antena alikuwa mtu anayefaa. Mwizi hakukata nyaya. Alifungua nati kwa spana, akazifunga ncha za waya kwa utepe zisigusane. Kazi ya anayejua betri. Hilo moja. Pili, alikuwa jirani, ukuta kwa ukuta. La tatu ndilo lililomfunga.

Mfagiaji wa zahanati aliapa kwamba alipofunga milango alimsikia Antena akisema mtamboni. Mlinzi naye aliapa kwamba alipoingia zamu na kukuta dirisha wazi, Antena alikuwa bado anasema. Kwa hiyo betri iliondoka katikati ya mazungumzo hayo. Na yule aliyekuwa akizungumza naye, mpima ardhi mstaafu anayeishi ng'ambo ya milima, ambaye wenzake wa hewani wanamwita Kikohozi, alipopigiwa simu na kituo alikiri kwamba ndiyo, walizungumza. Ila katikati Antena alinyamaza. Alinyamaza muda wa mtu kuchemsha chai na kuinywa. Kisha akarudi.

Muda huo unatosha kuruka ukuta na kurudi.

Antena alisema mashine ilikata yenyewe, ikarudi yenyewe. Basi mtambo ukaletwa kituoni, na fundi anayetunza simu za upepo za polisi, naye ana leseni yake ya hewani, akausemesha mpaka koo likamkauka. Haukukata hata mara moja.

Mpelelezi alivua tena viatu vya nyumbani, akavaa vya kazi.

Antena alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, magoti yamemfika kidevuni. Siku zote alizokuwa humo hakuwa amelala; alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyepikia kuni mbichi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kunihamisha?"

"Bado. Nieleze tena. Mashine ilipokata, ulifanya nini?"

"Nilisubiri."

"Ulisubiri ukifanya nini?"

"Kusubiri ni kazi tosha kwa mtu wa umri wangu."

"Hukutoka nje? Hukwenda hata uani?"

"Nilikaa kitini." Akakuna ndevu. "Mwenzangu, Kikohozi, hajambo? Mlipompigia alisema nini?"

"Alisema alikuita hukujibu, naye akanyamaza."

Mzee akainua kichwa. "Alisema alinyamaza?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi alinyamaza," alisema Antena, akageukia ukuta.

Mpelelezi alisimama pale akimtazama kisogo. Baadaye aliniambia kwamba hapo ndipo aliposhika uzi, ila hakujua bado ameshika uzi gani. Mtu ambaye sauti ya rafiki yake ndiyo kamba pekee ya kumwokoa alikuwa ameiachia kwa hiari.

Alimkuta fundi katika chumba cha nyuma, mtambo uko mezani mbele ya dirisha, mfuniko umevuliwa, utumbo wote nje.

"Nionyeshe kinachoweza kukatisha sauti," mpelelezi alisema. "Sema taratibu, mimi si fundi."

Fundi alikuwa kijana mnene, mchangamfu, anayependa kuulizwa. Alichukua bisibisi akagusa kidude cheusi chenye miguu mitatu, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilichokazwa kwa skrubu kwenye ukuta wa nyuma wa kasha.

"Hii ni regyuleta. Betri inaleta umeme mwingi kidogo, tena unapanda na kushuka. Huyu anaupokea, anatoa ule ule mmoja uliotulia. Unaozidi hautupi barabarani, anaugeuza joto. Kwa hiyo kazi yake nusu ni kuungua."

"Na joto linakwenda wapi?"

Fundi aliugeuza mtambo. Kwa nyuma, nje ya kasha, palikuwa na bati nene jeusi lenye mapezi yamesimama wima, kama kitana kikubwa. "Linapita hapa. Mzee kaweka kipande chembamba cha kuzuia umeme usivuje, kapaka dawa nyeupe ya kupitisha joto, kakaza sawasawa. Mapezi yanaachia joto hewani. Safi. Mimi nisingefanya vizuri zaidi."

"Na joto lisipotoka?"

"Regyuleta hizi zina akili. Ikiona inaiva, inajifunga yenyewe. Ikipoa, inajifungua. Bila kuguswa."

"Inakata yenyewe, inarudi yenyewe."

"Ndiyo maneno ya mzee, najua. Lakini nimemsemesha jana kutwa, afande. Hakuiva. Mapezi nilikuwa nayashika kwa mkono."

"Ulikuwa umevua mfuniko?"

"Nilivua, nilifunika, nilifanya vyote. Bati liko nje, mfuniko haulihusu."

"Na dirisha?"

Fundi alitazama dirisha, pazia likipepea. "Upepo kidogo," alisema. "Lakini hata bila upepo. Labda uyavishe koti hayo mapezi."

Alisema hivyo kwa mzaha. Mpelelezi hakucheka.

"Ufunge kasha lako," alimwambia. "Tunaurudisha nyumbani kwake."

Dada yake Antena ndiye aliyefungua mlango. Alikuwa mkubwa kwake, mfupi, mnyoofu wa mgongo, na kulabu ya kufumia imechomekwa nyweleni kama wengine wanavyochomeka kalamu. Mtaani walimwita Mama Uzi. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenza wao, wakaamua kukaa pamoja.

"Karibu mwanangu. Mmemleta?"

"Tumeleta mashine kwanza, mama. Yeye bado."

"Mashine mnairudisha na mtu mnabaki naye. Haya, iwekeni."

Fundi akauweka mtambo juu ya meza ndogo iliyoegemezwa ukutani, akaanza kuunga waya wa juu ya paa. Mpelelezi akabaki katikati ya chumba, akizungusha macho polepole, kama alivyozoea.

Chumba kilikuwa kimevaa. Sijui niseme vipi tena. Kila kitu kilikuwa na kitambaa cha kufuma: televisheni, migongo ya viti, mkono wa kila kiti, mtungi wa maji, saa ya mezani, hata betri ya Antena iliyokuwa chini ya meza ilikuwa na kikofia cha njano. Vumbi halikuwa na pa kutua. Ni mtambo tu uliokuwa uchi.

"Mama, hii mashine haina kitambaa chake?"

"Kinacho. Kwa nini kisiwepo?" Mama Uzi alikwenda chumbani, akarudi na kitambaa cheupe cha mraba, akakilaza juu ya kasha. Kilikaa sawa kabisa, ukingo mmoja ukining'inia kidogo mbele. "Hiki hapa. Niliona polisi wanakuja, nikasema kisije kikashikwa na mikono."

Mpelelezi akakiinua akakinusa. Kilinuka dawa ya nondo, na mikunjo yake ilikuwa mikali, ya nguo iliyolala sandukuni muda mrefu.

"Kinanukia sanduku," alisema.

"Nafanya usafi, mimi."

"Vingine humu vyote vina harufu ya sabuni. Hiki kimestaafu, mama. Kilichokuwa kazini siku ile kiko wapi?"

Mama Uzi alichomoa kulabu nyweleni, akairudisha. "Siku ipi?"

"Siku betri ilipoibwa."

"Mwanangu, unatafuta betri au unatafuta nguo za meza?"

Fundi akacheka akiwa chini ya meza, akajikohoza haraka.

"Mama," mpelelezi alisema, "gari la mahakama linakuja alasiri. Nikiondoka hapa mkono mtupu, wanampakia. Kitambaa umekificha, na mtu hafichi kitambaa bure. Kama kina damu nionyeshe. Kama kina maji ya betri nionyeshe pia."

Mwanamke huyo alikaa. Kwa mara ya kwanza mgongo wake ukapinda kidogo.

"Hakina damu," alisema. "Nimemharibia mashine yake. Ndilo hilo. Ameitengeneza miaka na miaka, mimi nimeiharibu kwa mkono wangu, na sasa amefungwa kwa sababu ya mashine, nitamwambia nini?"

Akaenda, wakasikia godoro likiinuliwa. Alichorudi nacho kilikuwa kitambaa cheupe chenye mchoro ule ule wa mbele, maua yale yale, ukingo ule ule. Ila hiki kilikuwa kirefu. Kilikuwa na mkia wa kushuka nyuma, wenye nyuzi nene za kuning'inia.

"Nilikifuma kumshangaza. Nikamtandikia asubuhi ya siku hiyo, yuko kuoga. Mbele kinafanana na cha zamani, hakuona chochote. Nilitaka siku moja ageuze mashine akione. Alipomaliza mazungumzo, nikaenda kufuta vumbi, nikakuta hivi."

Mpelelezi akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Uzi ulikuwa ule wa dukani unaong'aa, wa plastiki, si pamba. Kwenye mkia, nyuzi zilikuwa zimelala na kukakamaa, zimeng'aa vibaya kama nguo ya nailoni iliyopigwa pasi ya moto. Hazikukakamaa ovyo. Zilikakamaa kwa mistari wima, mmoja ukifuata mwingine, na kati ya mistari uzi ulikuwa mzima na laini.

Aliugeuza mtambo, akakitandika kitambaa, akaushusha mkia nyuma. Kila mstari ulikaa juu ya pezi lake.

"Duh," alisema fundi. "Kumbe koti lenyewe lipo."

"Nimeiua?" aliuliza Mama Uzi.

"Hujaiua, mama. Umeivisha." Mpelelezi akausukuma mtambo mpaka karibu na ukuta, palipokuwa na alama za miguu yake mezani, akafunga dirisha, kwa kuwa Mama Uzi alisema siku ile lilifungwa kwa ajili ya vumbi. "Fundi, kaa kitini. Muite Kikohozi. Sema, usipumzike."

Fundi alishika maiki akaita. Baada ya muda sauti ilitoka kwenye spika, imetanguliwa na kikohozi kirefu, kikavu, kama mtu anayeburuta gunia.

"Nakupata," sauti ilisema. "Nani huyo anayetumia mashine ya Antena? Antena mwenyewe yuko wapi? Mmemwachia?"

"Bado, mzee. Nafanya majaribio."

"Jaribu, jaribu. Nikusaidie nini?"

"Nisikilize tu."

Kusikiliza kulikuwa kazi kweli. Fundi alisoma gazeti la zamani alilolikuta mezani, habari ya mpira, matangazo ya vifo, bei za mabati. Mpelelezi alisimama nyuma akiwa ameweka mkono karibu na kitambaa. Joto lilianza kama pumzi, likawa kama sufuria, kisha akaondoa mkono. Harufu ya plastiki moto ikapanda. Fundi alikuwa katikati ya tangazo la shamba linalouzwa wakati kijisindano cha mbele ya mtambo, kile kinachoonyesha nguvu ya sauti inayotoka, kilipolala.

Alibonyeza maiki. Kijisindano hakikuinuka. Akabonyeza tena.

"Imekata," alisema. Alikuwa anatabasamu kama aliyeshinda bahati nasibu. "Imejifunga yenyewe. Afande, mzee alisema kweli!"

Mpelelezi naye alikuwa amefungua kinywa ajibu. Hakujibu, kwa sababu spika ilikohoa.

"Haya," ilisema sauti ya Kikohozi, wazi kama mtu aliyekaa chumbani. "Amekatika na huyu. Mashine hii ina mashetani. Kijana, kama unanisikia, shamba lile usilinunue, nalijua, nililipima mimi, nusu yake ni mwamba."

Mama Uzi alisimama ghafla, akaenda jikoni. Wakasikia sufuria zikigongana, nyingi kuliko anazohitaji mtu mmoja.

"Mbona bado tunamsikia?" mpelelezi aliuliza.

Fundi alipiga paji la uso. "Mtambo una regyuleta mbili. Moja ya upande wa kusemea, ndiyo inayobeba mzigo. Nyingine ya upande wa kusikilizia, kazi yake ndogo, haiivi. Iliyokata ni ya kusemea peke yake. Masikio yako wazi."

"Kwa hiyo siku ile Antena hakuweza kujibu, lakini alikuwa anasikia."

"Kila neno. Kama alikuwa kitini."

"Kama alikuwa kitini," alirudia mpelelezi.

Akatoka nje na simu yake, akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, mbali na dirisha la jikoni. Kikohozi alipokea akiwa bado anakohoa.

"Mzee wangu, ni mimi wa polisi. Nina swali moja. Siku ile Antena alipokatika, uliwaambia wenzangu kwamba ulinyamaza. Ulinyamaza kweli?"

"Niliita mara kadhaa."

"Baada ya kuita?"

"Mtu akiwa peke yake ana mambo yake."

"Mzee, rafiki yako anapelekwa mahakamani leo. Ulisema nini?"

Kikohozi alikohoa, safari hii bila kuhitaji. "Hewani nisingekuambia hata kwa panga. Kwa simu nitakuambia, ila uwe mtu mzima."

"Mimi ni mtu mzima."

"Nilidhani hanisikii. Nikaona ni nafasi ya kufanya mazoezi. Nikasema, ndugu yangu Antena, nataka kumposa dada yako. Miaka yote nasikia sauti yake nyuma yako ikikuita ukale, na mimi huku nakula peke yangu. Nikasema sina la kujisifia. Meno ya nyuma yamekwenda. Nyumba ni nzima ila paa la jikoni linavuja. Nikasema hivyo, nikarudia kuona kama inasikika vizuri. Kisha Antena akarudi hewani akasema mashine ilikata, nikashukuru Mungu, tukaendelea na habari ya mvua."

"Na tangu hapo umezungumza naye?"

"Nizungumze naye vipi? Si mmemfungia?"

Alipofika kituoni gari lilikuwa limeshaingia uani. Dereva alikuwa ameegemea mlango, anakula karanga. Mpelelezi alimwomba mkuu wa kituo aje naye mpaka mahabusu, asimame tu, asikilize.

"Baba," alimwambia Antena, "mtambo wako tumeukatisha. Dada yako aliuwekea kitambaa kirefu, kikafunika mapezi."

Mzee alifumba macho. "Kirefu," alisema. "Hata sikugeuza kuangalia. Mimi, niliyekata bati lile kwa msumeno wa mkono! Asikalipiwe."

"Hakuna wa kumkalipia. Lakini tumeona pia kwamba ulikuwa unasikia. Rafiki yako alisema kitu wakati ule. Ukikisema hapa, unatoka."

"Nawe umesema alinyamaza."

"Yeye ndiye aliyesema alinyamaza. Leo ameniambia alichosema."

"Kama amekuambia, unanitakia nini?"

Mkuu wa kituo akashusha pumzi ya kuchoka. "Mzee, hutaki kwenda nyumbani?"

"Nataka, bwana mkubwa. Lakini mtu akisema neno akidhani hasikiwi, mimi niliyelisikia silo langu. Na neno lenyewe ni la aina ya kusemwa kwa wakubwa, mlango umefungwa, na anayehusika ajue kwanza. Nilitoe hapa, mbele ya dereva anayekula karanga?"

Mpelelezi akaenda akafunga mlango wa nje. Akarudi akachuchumaa mbele ya nondo.

"Mlango umefungwa. Wakubwa ndio hao, mkuu ana wajukuu. Sitakuuliza neno lenyewe. Niambie tu, hapo mwishoni, alisema nini kinavuja?"

Antena alimtazama kwa muda. Mdomo wake ukaanza kucheza upande mmoja.

"Paa," alisema. "La jikoni. Akarudia, kuona inavyosikika. Na meno ya nyuma hana."

Mpelelezi akamgeukia mkuu wa kituo, akamsomea alichoandika alipokuwa kwenye kamba ya nguo. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho.

"Wangeweza kupanga," alisema, lakini kwa sauti ndogo.

"Waliopanga wangelitumia neno hilo siku ya kwanza, afande. Hawa wawili kila mmoja alilificha. Mmoja ameona heri mahabusu, mwingine akaidanganya polisi, kwa aibu tu. Mfagiaji alimsikia mwanzo, mlinzi alimsikia mwisho, na katikati alikuwa kitini anasikiliza posa. Hana dakika ya kuiba."

"Basi betri kachukua nani?"

"Anayejua nati na utepe, na anayejua mzee huyu ndiye atakayelaumiwa. Nitaanza na waliokuwa wanalihudumia lile friji. Lakini kesho."

Mkuu alitoka. Walimsikia akimwambia dereva hakuna abiria, na dereva akilalamika kwamba karanga zake zimemwagika.

Mpelelezi alimrudisha mzee mwenyewe kwa miguu, kwa kuwa si mbali. Antena alitembea mbele kama mtu anayerudi kazini. Alipoingia hakusalimia ukuta wala kiti. Aliugeuza mtambo, akauvua kitambaa taratibu, akakikunja, akampa dada yake mkononi.

"Kizuri," alisema. "Kata mkia."

"Nitakata," alisema Mama Uzi.

Akakaa, akabonyeza maiki. Kijisindano kikasimama. "Nimerudi," alisema.

Kikohozi kikajibu kwanza, sauti ikafuata. "Karibu. Unanisikia vizuri?"

"Nakusikia vizuri siku zote," alisema Antena.

Kikohozi aliuliza kutoka ng'ambo, "Siku zote?"

Lakini Antena alikuwa ameegemeza kichwa nyuma, maiki imemlalia tumboni. Alikuwa amelala, kinywa wazi, jua la alasiri limemkalia magotini. Mama Uzi aliichukua maiki akaitundika.

Alimkaribisha mpelelezi kiti, akakaa naye, akaanza kufumua mkia wa kitambaa, uzi uliokakamaa ukikatika vipande vipande.

"Ukuta huu wa jikoni ni mwembamba sana, mwanangu," hatimaye alisema, bila kuinua macho.

Mpelelezi alizikumbuka zile sufuria. "Ulisikia siku ile."

"Mara mbili. Alirudia."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Kwamba naposwa na spika?" Akavuta uzi. "Ukizungumza naye, mwambie azibe kwanza paa."

Mikono yake ikaenda polepole, kisha ikasimama, kulabu ikiwa bado ndani ya ua la mwisho, na kidevu chake kikashuka kifuani.

Spika ikakohoa. "Antena? Upo?" Ikasubiri. "Haya. Safari hii sisemi kitu. Nami najilaza kidogo, mgongo unauma." Kukasikika mlio mdogo wa kuzima, na baada ya hapo mvumo mtupu.

Mpelelezi alinyoosha mkono nyuma ya mtambo, akayashika mapezi. Yalikuwa baridi. Alitaka kusimama aage, akaona hakuna wa kumuaga. Akalaza kichwa juu ya meza, kando ya mashine, na usingizi ukamchukua na viatu vyake vya kazi miguuni.